Deraya: Namna ya kuichagua na kuitunza katika mchezo wa 'Kingdom Come'

KIJANA Henry, mwana wa mhunzi wa mji mdogo wa Skalitz, huianza safari yake bila deraya wala upanga wake mwenyewe. Kabla ya siku kuisha, jeshi la Mfalme Sigismund huuteketeza mji huo, wazazi wake huuawa, naye hunusurika kwa kutoroka juu ya farasi. Tangu hapo, kila anayeucheza mchezo wa kompyuta uitwao Kingdom Come: Deliverance hutambua kwamba uhai wa kijana huyo unategemea pakubwa mavazi yake ya vita na jinsi anavyoyatunza.

Mchezo huo ulitengenezwa na Warhorse Studios, kampuni ya jijini Prague katika Jamhuri ya Cheki, na kuanza kuuzwa Februari 2018. Ni mchezo wa uigizaji, yaani mchezaji huchukua nafasi ya mhusika mmoja na kumwamulia atakavyoishi. Tofauti na michezo mingi ya aina hiyo, hauna mazimwi wala uchawi. Umejengwa juu ya historia ya Bohemia ya mwaka wa 1403, wakati Sigismund alipokuwa amemtia kizuizini ndugu yake wa kambo, Mfalme Wenceslas wa Nne. Kwa sababu hiyo, deraya zake hufanya kazi karibu sawa na zilivyofanya enzi hizo.

Makosa huko hayasameheki kwa urahisi. Mchezaji hawezi kuhifadhi mchezo wake kila anapotaka. Hulazimika kunywa kileo maalumu, kulala katika kitanda chake, au kungoja hatua muhimu za hadithi. Anayekufa njiani kwa sababu ya chapeo mbovu aweza kupoteza kazi ya saa nzima au zaidi.

Tabaka juu ya tabaka

Wanaoanza hudhani kwamba bamba la chuma kifuani latosha. Sivyo. Kifua cha Henry huvikwa tabaka kadhaa. Ya kwanza ni koti nene la kitambaa, lililoshonwa kwa kujazwa pamba au vitambaa vingine. Juu yake huja deraya ya pete za chuma zilizosukwa pamoja, kisha bamba la chuma, na mwisho joho la nje lenye rangi au nembo.

Kila tabaka ina kazi yake, kwani mchezo huo hupima kinga kwa namna tatu: dhidi ya kuchomwa, dhidi ya kukatwa na dhidi ya kupondwa. Pete za chuma huzuia vyema makali ya upanga, lakini hunyumbulika zinapogongwa kwa rungu, na kishindo chake humfikia aliyezivaa. Hapo ndipo koti la kitambaa linapofaa, kwa kuwa hupunguza nguvu ya pigo. Bamba nalo huufanya upanga uteleze, ndiyo sababu askari wa karne ya 15 waliokabiliana na watu waliovaa mabamba walipenda kutumia marungu ya chuma na nyundo za vita.

Kichwa hufuata kanuni hiyo hiyo. Kofia ya kitambaa hutangulia, na ndipo chapeo ivaliwe. Mchezaji mwenye fedha kidogo hushauriwa aanzie hapo, kwa sababu pigo moja la kichwani aghalabu humaliza pambano. Hata hivyo, chapeo yenye kifuniko cha uso huuziba sehemu kubwa ya skrini, na mchezaji huuona ulimwengu kupitia upenyo mwembamba. Anayepigana na adui mmoja aweza kuvumilia. Aliyezingirwa na watatu huenda asimwone anayemjia ubavuni.

Uzito, kelele na haiba

Wasomaji wa Biblia wanakifahamu kisa cha Daudi, aliyevishwa chapeo na deraya ya Sauli kabla ya kumkabili Goliathi, akazivua kwa kuwa hakuzizoea. Mchezo huu una funzo kama hilo. Kila kipande kina uzito, na Henry anayepitisha kiasi anachoweza kubeba hawezi kukimbia. Farasi humsaidia kubeba mizigo, lakini hawezi kumbebea deraya aliyoivaa mwilini.

Mbali na uzito, kila vazi lina kipimo cha kelele na cha kuonekana. Mabamba hulialia usiku, na mtu anayenuia kunyemelea kambi ya wanyang'anyi hana budi kuyavua na kuvaa nguo za rangi nyeusi. Kipimo kingine ni haiba. Mtu aliyevaa vizuri husikilizwa na wakuu na kupata bei nafuu sokoni, ilhali aliyechakaa hudharauliwa. Kwa hivyo mchezaji stadi huwa na mavazi ya aina tatu: ya vita, ya kunyemelea na ya kuzungumza na waheshimiwa.

Kununua au kuokota

Deraya bora zinazouzwa na mafundi wa mji wa Rattay ni ghali kwa kijana asiye na kitu. Wengi huvaa zile walizovua kutoka kwa maadui waliowashinda. Njia hiyo ni halali vitani, ila kipande kilichopigwa mara nyingi huwa kimeharibika, na thamani yake hushuka. Kuiba ni jambo jingine. Mali ya wizi hutambulikana, walinzi wana mazoea ya kuwapekua wapita njia, na anayenaswa hutozwa faini au kutiwa gerezani.

Usipoziba ufa

Kila pigo hupunguza ubora wa kipande kilichopigwa, na deraya iliyochoka humlinda mvaaji kwa kiasi kidogo kuliko ilipokuwa mpya. Mchezaji ana njia mbili za kuirekebisha. Ya kwanza ni kumlipa fundi. Ya pili ni kununua mkoba wa vifaa na kufanya kazi hiyo mwenyewe: kuna mkoba wa fundi wa deraya, wa mshonaji nguo, wa mshona viatu na wa mhunzi wa silaha. Mkoba wa mshonaji haurekebishi bamba, wala wa fundi wa deraya haufai viatu.

Ustadi wa kukarabati hukua kwa mazoezi. Henry asiye na ujuzi aweza kurekebisha tu vitu vilivyoharibika kidogo. Anayengoja hadi deraya ikaribie kuvunjika hujikuta akimlipa fundi fedha nyingi, ilhali anayekarabati baada ya kila pambano huokoa fedha na kuongeza ujuzi kwa pamoja. Waswahili walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Usafi pia ni sehemu ya utunzaji. Damu na matope hushika mavazi na kushusha haiba. Maji ya hori la farasi hupunguza uchafu kwa muda, lakini ni katika nyumba za kuogea ambako nguo hufuliwa hadi zikatakata. Katika maisha halisi ya karne hizo, adui mkubwa wa chuma alikuwa kutu. Bamba lilipakwa mafuta, na deraya za pete zilisafishwa kwa kuviringishwa ndani ya pipa lenye mchanga.

Sehemu ya pili ya mchezo huo, iliyotolewa Februari 2025, iliuza zaidi ya nakala milioni 1 katika muda wa siku moja. Humo Henry hurudi kwenye kazi ya babake, akifua panga na viatu vya farasi kwa mikono yake mwenyewe. Kanuni ya mavazi, hata hivyo, haikubadilika: kitambaa kwanza, chuma baadaye, na ukarabati kabla ya safari ya kesho.