Mfalme Hasikii Peke Yake

Tukisoma habari za Musa na kile kijiti kilichowaka, wengi wetu hudhani ndivyo Mungu alivyosema na viongozi wote wa Israeli. Sivyo. Hesabu sura ya 12 inamtenga Musa na manabii wengine wote: wao walipewa ndoto na maono, yeye alisema na Bwana ana kwa ana.

Mtazameni mrithi wake. Bwana alisema na Yoshua, ni kweli. Lakini alipowekewa mikono (Hesabu 27) aliagizwa asimame mbele ya Eleazari kuhani, naye kuhani aulize kwa ajili yake kwa Urimu. Samweli naye, kule Shilo, aliitwa akamkimbilia Eli mara tatu. Aliyetambua kwamba ni Bwana anaita alikuwa Eli, mzee mwenye macho hafifu, ambaye nyumba yake ilikwisha kuhukumiwa.

Wafalme ndio waliohitaji wengine zaidi. Sauli alipokosa jibu kwa ndoto, kwa Urimu na kwa manabii, alijibadilisha mavazi akaenda usiku kwa mwanamke wa Endori. Yosia, yapata mwaka 622 kabla ya Kristo, aliposomewa kitabu kilichopatikana hekaluni, alirarua mavazi yake, akatuma kuhani mkuu na watu wa baraza wamwulizie Bwana. Wakaenda kwa Hulda, mke wa mtunza mavazi. (Yeremia alikuwa ameitwa miaka mitano kabla. Wanaosema wanawake wanyamaze waisome sura hiyo, 2 Wafalme 22, polepole.)

Wazee wa Buha wataelewa haraka. Katika himaya za zamani, Heru huku Kasulu na Muhambwe kule Kibondo, mwami alikuwa na ng'ombe na heshima, lakini mambo ya ardhi yalikuwa na mteko wake. Sisemi mteko alikuwa nabii. Yeye alihudumia mizimu ya mahali. Nasema tu kwamba babu zetu wasingeshangaa kuona mtawala akingoja neno kutoka kinywa cha mwingine.

Anayenisumbua mimi ni Nathani. Katika 2 Samweli 7 Daudi anataka kumjengea Bwana nyumba, na nabii anamjibu papo hapo: endelea, Bwana yu pamoja nawe. Jibu zuri, la kichungaji kabisa, na halikutoka kwa Mungu. Usiku uleule Bwana akamrudisha.

Nikiwa mchungaji kijana Kibondo niliwaambia wazee wa kanisa kwamba Mungu amesema nami: msingi wa kanisa kubwa uchimbwe kabla ya masika. Mama mmoja, mzee wa kanisa, akaniuliza kwa upole, "Mchungaji, amesema nawe lini? Na mwinjilisti atakula nini?" Nikamjibu kwamba tuombee imani. Tukachimba. Fedha ya mwinjilisti ikaishia kwenye mawe, naye akarudi kwao kulima. Mvua ikajaza mtaro, watoto wakawa wanaogelea humo.

Nathani alirudi kwa mfalme na kusema neno jingine, bila kuficha kwamba la kwanza lilikuwa lake mwenyewe. Mimi ilinichukua miaka miwili kwenda kwa yule mama. Nilimkuta anapukuchua maharage. Akanisogezea kigoda, akasema, "Kaa, baba. Nilikuwa nakungoja."