Safari ya Tiba Shufaa Kuja Kisii na Nyamira

 

Wengi wetu tumewahi kuona mgonjwa wa saratani akirudishwa nyumbani, jamaa wakiambiwa kwamba hospitali haina la kufanya zaidi. Analazwa chumbani, majirani wanakuja kuomba, na usiku kucha anasikika akilia kwa maumivu. Je, kweli hakukuwa na la kufanya? Kujibu swali hilo, inafaa tujue historia ya huduma inayoitwa tiba shufaa. Hii ni huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mahangaiko, na kuisaidia familia yake, hata pale ugonjwa usipopona.

Hospitali kuu ya Kisii ilianza mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kuwatibu askari wa Uingereza. Kama hospitali nyingine za wakati huo, kazi yake ilikuwa kuponya. Asiyeweza kupona alirudi kwa watu wake, na mzigo ukawa wa mama, binti au mke wa nyumba hiyo.

Mwaka 1967, daktari Cicely Saunders alifungua hospisi ya St Christopher's mjini London. Alionyesha kwamba maumivu ya saratani yanaweza kutulizwa ikiwa mgonjwa atapewa mofini kwa saa maalum, bila kungoja mpaka alie. Fikra hiyo ilifika Kenya mwaka 1990, Nairobi Hospice ilipoanza kazi. Daktari Anne Merriman alihudumu huko, kisha mwaka 1993 akaanzisha Hospice Africa Uganda. Huko Uganda mofini ya kunywa ilitengenezwa kwa njia rahisi: unga wa mofini unachanganywa na maji na dawa ya kuzuia isiharibike, kisha unatiwa rangi ili nguvu zake zijulikane. Ni dawa ya bei nafuu, na mgonjwa anaweza kuinywa akiwa nyumbani kwake.

Lakini Nairobi ni mbali, ndugu msikilizaji. Ni zaidi ya kilomita 300 kutoka Kisii. Kwa miaka mingi, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ndiyo pekee ya umma iliyokuwa na tiba ya mionzi. Familia ziliuza ng'ombe, zikakodisha shamba la chai, zikafanya harambee. Pesa zilipokwisha, mgonjwa alirudi na maumivu yake.

Kizuizi kingine kilikuwa hofu. Sheria ya mwaka 1994 ya dawa za kulevya iliweka adhabu kali, ingawa iliruhusu matumizi ya kitabibu. Wahudumu wengi waliogopa kuigusa mofini. Mwaka 2010, shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba ni hospitali 7 tu kati ya takriban 250 za umma nchini zilizokuwa na mofini ya kunywa. Tena, unga wa mofini ulikuwa ukitozwa kodi.

Mwaka huo huo mambo yalianza kubadilika. Chama cha hospisi nchini, KEHPCA, kilishirikiana na serikali kuingiza tiba shufaa katika hospitali kubwa za umma. Hawakungoja kujenga majumba mapya. Waliwafunza wauguzi na madaktari waliokuwa tayari kazini, wakatafuta chumba ndani ya hospitali, na wakahimiza mofini inunuliwe kama dawa nyingine. Katiba mpya ya 2010 nayo, katika kifungu cha 43, ilimpa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya. Mwaka 2013 mwongozo wa kitaifa wa tiba shufaa ulitolewa, na mwaka huo huo huduma nyingi za afya zikahamia kaunti.

Hapo ndipo jambo hili linapotugusa sisi. Bajeti ya dawa za hospitali zetu sasa hupangwa Kisii mjini na Nyamira mjini. Muuguzi aliyefunzwa akihamishwa bila mwingine kushika nafasi yake, au dawa isipoagizwa, huduma hufa kimyakimya. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mgonjwa aliye kitandani hawezi kwenda kwenye kikao cha bajeti. Sisi wazima ndio tunaoweza kwenda kumsemea.

Kwa hivyo, mpenzi msikilizaji, ukiambiwa mgonjwa wako hatapona, usiondoke kimya. Uliza: "Atapewa nini cha maumivu? Ni nani hapa anayeshughulikia tiba shufaa?" Usiogope mofini. Ikitolewa na daktari na kutumiwa alivyoelekeza, haimharakishi mgonjwa kufa, na ni nadra kumfanya mtumwa wa dawa. Humfunga choo, kwa hivyo omba dawa ya kulainisha choo pia. Itunze mbali na watoto.

Kutopona si sababu ya kuachwa na maumivu.