Droni za bei ndogo na manowari: tusidanganywe na video

Vijana wenzetu, zile video mmeziona. Droni inaruka, moshi unapanda, halafu mtu anaandika eti zama za manowari zimekwisha. Sisi tunasema, hebu tuangalie historia kwanza.

Maneno hayo si mapya. Miaka ya 1880 huko Ufaransa, maofisa wa jeshi la majini walidai boti ndogo yenye torpido itamaliza meli kubwa za chuma, maana boti ni rahisi na meli ni ghali. Uingereza ilishtuka kweli, lakini haikuacha meli zake. Iliunda meli nyepesi zenye mbio za kuwinda boti hizo, na mwaka 1893 HMS Havock ikashushwa majini. Hapo ndipo zilipotoka destroya za leo.

Tarehe 12 Oktoba 2000, destroya ya Marekani, USS Cole, ilikuwa imesimama Aden, Yemen, ikijaza mafuta. Boti iliyojaa baruti ikaja ubavuni ikalipuka. Mabaharia 17 walikufa. Ila meli haikuzama, ilitengenezwa ikarudi baharini. Kwa nini? Ndani imegawanywa vyumba vyumba: maji yakiingia huku, kule kunafungwa.

Sasa droni. Shahed ya Iran inabeba mlipuko wa kama kilo 50. Destroya ina tani zaidi ya 8,000, inakwenda, ina rada, makombora na mizinga. Tangu Oktoba 2023 Wahouthi walirusha droni nyingi Bahari ya Shamu, na hakuna manowari ya Marekani waliyoizamisha.

Tusiseme pia droni ni mchezo. Februari 2024, boti za Ukraine zisizo na watu ziliizamisha Ivanovets ya Urusi. Lakini hiyo ni meli ya tani 500 hivi, na boti zilikuja kundi zima. Moskva, ile kubwa iliyozama Aprili 2022, Ukraine yenyewe ilisema iliipiga kwa makombora ya Neptune.

Kumbe anayeumia ni nani? Meli ya mizigo, isiyo na ngao. Juni 2024 boti-droni iliipiga meli iitwayo Tutor, ikazama. Kabla ya hapo, tangu Desemba 2023, makampuni makubwa yalishaanza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, siku kama 10 zaidi kati ya Asia na Ulaya. Nauli ikapanda. Na nauli ikipanda, pesa ile ile ya mfadhili inanunua magunia machache.

Kwa hiyo ndugu wa mashirika, mgao ukipungua, tuelezeni na mambo ya baharini pia, tutaelewa. Na wewe kijana unayesambaza video hizo kwa kushangilia, jua kwamba manowari bado inaelea. Kilichopungua ni unga kwenye sufuria ya mama yako.