Muziki wa Wachache na Muziki wa Wengi

Watu wa umri wangu waliosoma sekondari za Moshi wakikutana, hasa msibani au harusini, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye muziki. Mmoja atamtaja Jimi Hendrix, mwingine Santana. Wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye aliyekuwa na kaka ng'ambo, atataja Pink Floyd na Yes. Mwishowe wote watakubaliana kwamba siku zile kila kijana alisikiliza roki. Watoto wetu wakisikia hivyo huamini. Sina nia ya kumharibia mtu kumbukumbu zake, lakini neno "kila" ni neno zito, na mwenye kuandika habari za kale hana budi kulipima kabla ya kulibeba.

Tuanze huko muziki wenyewe ulikotoka. Katika roki ipo aina moja ambayo Waingereza waliiita progresivu. Wapigaji wake hawakuridhika na wimbo wa dakika tatu wa kuchezea dansi. Walitaka wimbo upande na kushuka kama njia ya mlimani, wenye vinanda vya umeme, filimbi, na midundo inayobadilika katikati bila kumwonya msikilizaji. Mwaka 1972 kundi la Jethro Tull lilitoa santuri iitwayo Thick as a Brick. Ilikuwa na wimbo mmoja tu, uliojaza pande zote mbili na kuzidi dakika 40. Mtu angedhani santuri ya namna hiyo ingenunuliwa na walimu wa muziki na jamaa zao, lakini ilifika nambari moja Marekani. Mwaka uliofuata kundi la Yes lilitoa santuri mbili katika jalada moja, zenye nyimbo nne tu kwa jumla, nazo zikafika nambari moja Uingereza. Na The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, iliyotoka Machi 1973, ilikuwamo katika orodha ya santuri 200 zinazoongoza kwa mauzo Marekani kwa majuma 741, ukiyajumlisha hadi mwaka 1988.

Kisha, mwaka 1976 na 1977, wakaja vijana wa punk wenye nyimbo fupi na hasira nyingi. Mwimbaji wa Sex Pistols alivaa fulana iliyoandikwa kwamba anaichukia Pink Floyd, na waandishi wengi wa magazeti ya muziki wakawa upande wake. Kwa miaka mingi baada ya hapo ilisemwa kwamba progresivu ulikuwa muziki wa wanafunzi wachache wa vyuo waliojiona. Hesabu za mauzo zinakataa. Muziki ule ulipendwa na mamilioni, ijapokuwa hata huko haukuwa wa kila mtu: santuri iliyouzwa kuliko zote Uingereza mwaka 1974 ilikuwa ya Carpenters, ndugu wawili wa nyimbo laini za mapenzi. Kwa hiyo Ulaya kumbukumbu ilikipunguza kitu kilichokuwa kikubwa. Kwetu Moshi, nadhani, imefanya kinyume chake.

Hapa hatuna hesabu za mauzo za kutuamulia. Santuri za bendi zetu wenyewe zilichapwa Nairobi, na hapakuwa na orodha ya kila juma ya nyimbo zinazoongoza. Lakini mizani nyingine zipo.

Mizani ya kwanza ni watu wenyewe. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu karibu 653,000 katika Mkoa wa Kilimanjaro. Waliokaa Moshi mjini hawakufika 30,000, yaani chini ya watu watano katika kila mia moja. Wengine wote walikuwa vihambani, kuanzia Siha na Machame hadi Rombo, na huko chini tambarare na milimani Upare. Huyo "kila kijana" wa mazungumzo yetu alikuwa kijana wa mjini, au wa shule ya bweni, na nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Old Moshi, Umbwe, Lyamungo, Weruweru: ukiwaweka wanafunzi wote wa shule hizo pamoja na wale wa mjini, bado hawakuweza kujaza hata kata chache za mlimani.

Mizani ya pili ni vyombo. Santuri yataka gramafoni, na gramafoni ya stirio yataka umeme. Migombani, umeme ulikuwa wa misheni, hospitali na watu wawili watatu wenye uwezo. Kilichopanda mlima kwa wingi ni redio ya betri, iliyonunuliwa msimu wa kahawa baada ya malipo ya chama cha ushirika. Kwetu Marangu redio ilifunikwa kitambaa kilichofumwa na mama, na haikufunguliwa ovyo, maana betri ni fedha. Aliyeifungua alitafuta taarifa ya habari, Ugua Pole, na muziki wa dansi katika Klabu Raha Leo. Wimbo wa dakika 20 wa Kiingereza, usio na kiitikio cha kushika, usingemaliza dakika mbili kabla ya baba kuuliza kama redio imeharibika.

Mizani ya tatu ni nani aliyewalipa wapigaji. Gita la umeme, vikuza sauti na ngoma za kizungu viligharimu fedha nyingi, na kuviingiza nchini hakukuwa kazi rahisi. Bendi kubwa za Tanzania zilikuwa na wazazi: NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi; Urafiki Jazz ya mwaka 1970 ilikuwa ya kiwanda cha nguo; Polisi na jeshi walikuwa na zao. Wapigaji walilipwa mshahara, wakasafiri mikoani, wakarekodiwa na Radio Tanzania. Vijana wa soul na roki hawakuwa na mzazi wa namna hiyo. Walipiga mchana katika madansi ya vijana, yale tuliyoyaita bugi, kwa vyombo vya kuazima, mbele ya wenzao waliovaa suruali za bugaluu na viatu vya raizoni.

Hata hivyo walisikika mbali, na sababu mojawapo ni marufuku. Mwishoni mwa mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Mnamo Novemba 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku katika madansi ya Dar es Salaam. Kitu kikikatazwa huandikwa magazetini, hujadiliwa barazani, na aliyekifanya huonekana shujaa. Wale waliocheza rumba usiku huohuo, na walikuwa wengi zaidi, hawakuandikwa popote, kwa kuwa hakuna aliyewakataza. Ndiyo maana anayesoma magazeti ya wakati ule peke yake anaweza kudhani soul na roki ndizo zilizoitikisa nchi.

Basi wengi walisikiliza nini? Kwanza, walisikiliza kile walichokiimba wenyewe: kwaya. Mlima wetu uligawanyika kati ya Walutheri na Wakatoliki, lakini pande zote mbili mtoto alijua sauti nne kabla ya kujua gita. Kwa Walutheri yalikuwapo pia matarumbeta, urithi wa wamisionari wa Kijerumani, yaliyopigwa harusini na makaburini. Mjini Moshi ilikuwapo studio ya Sauti ya Injili, ambayo vipindi vyake vilirushwa kupitia kituo cha Addis Ababa tangu mwaka 1963 hadi serikali ya Ethiopia ilipokitaifisha kituo hicho mwaka 1977.

Pili, walimsikiliza Mbaraka Mwinshehe. Huyu alikuwa wa Morogoro, lakini sijaona kilabu cha mbege ambacho hakikumjua. Alikwenda na Morogoro Jazz katika maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970. Akaanzisha Super Volcano mwaka 1973. Akafa kwa ajali ya gari huko Kenya Januari 1979. Wimbo wake Shida ulieleweka na mwenye kihamba, na utingo, na mke aliyeachwa, kwa siku moja, bila kamusi. Pamoja naye zilikuja rumba za Kongo, na kutoka ng'ambo Jim Reeves, aliyependwa mlimani kuliko Mzungu yeyote wa magita makali. Sababu si ngumu kuiona: aliimba taratibu, na nyimbo zake zilifanana na za kanisani.

Tatu, na huyu ndiye ninayemwonea huruma zaidi, walimsikiliza mtu wa kwetu. Frank Humplick alizaliwa Moshi mwaka 1927, mama yake Mchaga na baba yake Mzungu. Katika miaka ya 1950 alirekodi pamoja na dada zake, Thecla na Maria Regina, nyimbo za Kiswahili na Kichaga. Wimbo wao Harusi umeimbwa katika harusi za Afrika Mashariki hadi leo, na wengi wanaouimba hawajui kwamba una mwenyewe. Frank alifariki mwaka 2007. Waulize waliohudhuria harusi kumi za Kilimanjaro ni nani alirekodi wimbo huo, kisha waulize ni nani aliyepiga gita katika Pink Floyd. Nachelea kusema jibu lipi litapatikana upesi.

Umaarufu, kwa hakika, una njia zake. Farrokh Bulsara, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1946, aliondoka na wazazi wake mwaka 1964, akawa Freddie Mercury wa kundi la Queen. Wimbo wake Bohemian Rhapsody ulikaa nambari moja Uingereza majuma tisa, mwishoni mwa 1975 na mwanzoni mwa 1976, huku Unguja wengi wakiwa hawana habari kwamba ni mtoto wa Mji Mkongwe.

Kwa vijana wa Moshi njia ya santuri ilipita Holili. Kutoka mjini hadi mpakani ni chini ya kilomita 50, na ng'ambo yake ni Taveta, kisha barabara ya Voi na Nairobi yenye maduka. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, mpaka ulifungwa, na haukufunguliwa rasmi hadi Novemba 1983. Kwa miaka hiyo yote santuri mpya ilikuwa bidhaa ya magendo kama sabuni na mafuta ya kula, na kati ya hivyo vitatu santuri ndiyo iliyoachwa. Dansi na kwaya, zilizokuwa na wapigaji wake humu humu, ziliendelea.

Kwa nini nayaandika haya sasa? Kwa sababu miaka ya karibuni makampuni ya Ulaya na Marekani yamezifufua santuri za roki ya Kiafrika. WITCH wa Zambia, waliokuwa wamesahauliwa, sasa wanasikilizwa dunia nzima. Sunburst, bendi ya Dar es Salaam iliyorekodi santuri yake Ave Africa Zambia mwaka 1976, ilitolewa upya London mwaka 2016. Nafurahi, maana ni kazi nzuri na wapigaji wake walistahili. Lakini kijana wa leo anayezipata hizo peke yake atadhani ndizo zilizokuwa sauti ya Tanzania ya wakati ule, ilhali maelfu ya kanda za dansi, ngoma na kwaya zilizorekodiwa na Radio Tanzania ziko katika maktaba ya TBC, na nyingi hazijasikika tena tangu siku hizo. Kinachotafutwa na mnunuzi wa mbali ndicho kinachookolewa kwanza, na mnunuzi huyo hutafuta kinachofanana na cha kwao.

Wachache waliosikiliza roki Moshi walikuwako, na furaha yao ilikuwa ya kweli. Lakini walijua kuandika, wakapata kazi, wakawa na watoto wa kuwasimulia, na simulizi lao likakua. Bibi aliyeimba sauti ya pili katika kwaya ya Mwika kwa miaka 40 hakuulizwa na mtu. Kwa hiyo, ndugu msomaji, mtu akikuambia kwamba zamani "kila mtu" alipenda muziki fulani, mwulize kwa upole: kila mtu wa wapi, aliyekuwa na redio gani, na mama yake alikuwa akiimba nini jikoni? Na kama mama huyo bado yu hai, nenda kamwulize mwenyewe, uandike anachosema.