Shinikizo la kidiplomasia baada ya mauaji ya Januari 2001 Zanzibar

Shinikizo la kidiplomasia baada ya mauaji ya Januari 2001 Zanzibar ni hatua zilizochukuliwa na nchi wafadhili na mashirika ya kimataifa kuitaka serikali ya Tanzania imalize mgogoro wa kisiasa visiwani. Mgogoro huo uliathiri zaidi kisiwa cha Pemba, ambako Chama cha Wananchi (CUF) kilikuwa na ngome yake, ikiwa ni pamoja na Ole, kaskazini mwa mji wa Chake Chake.

Chanzo

Katika uchaguzi wa 1995, Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Seif Sharif Hamad. CUF ilikataa matokeo, na wafadhili kadhaa wakasimamisha misaada kwa Zanzibar. Jumuiya ya Madola ilisuluhisha, na Muafaka wa kwanza ukatiwa saini Juni 1999, lakini haukutekelezwa ipasavyo.

Uchaguzi wa Oktoba 2000 ulivurugika na kurudiwa katika majimbo 16. CUF ilisusia marudio hayo na kukataa kumtambua rais mpya, Amani Abeid Karume.

Maandamano na mauaji

Tarehe 27 Januari 2001 wafuasi wa CUF waliandamana Unguja na Pemba wakidai uchaguzi mpya. Polisi waliwafyatulia risasi. Human Rights Watch ilihesabu waliouawa kuwa angalau 35. Tume iliyoongozwa na Brigedia Jenerali mstaafu Hashim Mbita ilitaja 31. Watu wapatao 2,000, wengi wao Wapemba, walikimbilia Shimoni, Kenya. Kwa mara ya kwanza Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi, ilikuwa chanzo cha wakimbizi.

Shinikizo na matokeo yake

Zanzibar haina balozi zake nje wala haitambuliwi kama dola, hivyo malalamiko yalielekezwa Dar es Salaam kwa Rais Benjamin Mkapa. Misaada ya visiwani iliendelea kuzuiwa. Hata hivyo, nguvu ya hatua hiyo ilikuwa na mipaka: Tanzania Bara haikuguswa, na Novemba 2001 nchi ilikamilisha masharti ya kusamehewa madeni. Mzigo wa kukatwa misaada ukabaki kwa wananchi wa visiwani, wakiwemo wale waliodhulumiwa.

Safari hii CCM na CUF zilijadiliana zenyewe bila msuluhishi wa nje. Muafaka wa pili ulitiwa saini tarehe 10 Oktoba 2001 na makatibu wakuu Philip Mangula na Seif Sharif Hamad. Ulihusu mageuzi ya Tume ya Uchaguzi, daftari la kudumu la wapiga kura na uchunguzi wa mauaji. Uchaguzi mdogo ulifanyika Pemba Mei 2003.

Baadaye

Kura ya maoni ya 31 Julai 2010 iliidhinisha Serikali ya Umoja wa Kitaifa kwa asilimia 66.4. Oktoba 2015 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Jecha Salim Jecha, alifuta uchaguzi, ukarudiwa Machi 2016 huku CUF ikisusia. Siku chache baadaye shirika la Marekani la Millennium Challenge Corporation lilisitisha msaada wa takriban dola milioni 472. Safari hiyo pigo liliangukia Tanzania nzima, lakini matokeo ya marudio hayakubadilishwa.