Mfupa wa Ishango na Ubao Wangu

Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua huko Ishango, mashariki ya Kongo, mfupa wenye umri wa miaka 20,000 hivi. Safu moja ya alama zilizochanjwa juu yake huhesabika 11, 13, 17, 19. Wako waliosema ni namba tasa. Wengine, kalenda ya mwezi. Mchongaji hakuacha kanuni.

Nami, nikifundisha Kirua Vunjo, niliandika ubaoni 2, 4, 8. Kijana mmoja akasema inayofuata ni 14. Nikamwambia amekosa, ni 16. Usiku nikatambua: aliongeza 2, kisha 4, kisha 6. Kanuni yake, n² − n + 2, ilikuwa sahihi sawa na yangu, 2ⁿ. Sikumwambia kamwe. Namba tatu hubeba kanuni nyingi, mwalimu na aulize kwanza, “Umeipataje?”