Asikione Kikiwa Gogo

Babu yangu alikuwa na gunia la korosho ambalo halikuwahi kubeba korosho hata msimu mmoja. Kazi yake ilikuwa kufunika gogo la mpingo kila mgeni alipopiga hodi uani kwetu Mtawanya. Mgeni alikaribishwa, akapewa kigoda na maji ya kunywa, akaulizwa habari za safari na za watoto. Gogo hakuliona. Nikiwa mdogo nilidhani mzee anaogopa wezi. Siku nilipomuuliza alijibu bila kuinua macho kwenye patasi yake: "Mjukuu wangu, mnunuzi akikiona kinyago kikiwa bado gogo, kinageuka chake. Ataanza kukwambia pua iwe wapi."

Leo na mimi nina mvi, na mikono yangu imeshika tezo tangu ujana. Nimewasikia wengi wakisema kwamba biashara ndiyo iliyoua sanaa ya Mmakonde: zamani tulichonga kwa ajili ya mila, kisha pesa ikaja ikaharibu. Maneno hayo yananoga barazani, lakini historia yetu haiyaungi mkono. Ukiifuata vizuri utaona kwamba pesa iliingia mapema, na kwamba baadhi ya kazi zetu bora zilizaliwa sokoni. Kilichoharibu ni kingine, nacho babu alikijua.

Yeye alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, kwenye uwanda wa juu wa Mueda. Huku kwetu watu wa kule waliitwa Wamawia, ili kuwatenga na Wamakonde wa Newala na Tandahimba. Kule ndiko alikojifunza, na alichojifunza kwanza ni lipiko, kinyago cha kuvaliwa kichwa kizima wakati wa sherehe za jando. Lipiko halichongwi kwa mpingo, kwa kuwa mchezaji atashindwa kuruka akiwa amebeba mzigo ule. Hutafutwa mti laini na mwepesi, ukachimbwa ndani kama chungu, ukawekwa nywele za binadamu, na chale za usoni zikatengenezwa kwa nta ya nyuki. Mchezaji huchungulia kupitia mdomo wa kinyago.

Yote haya yalifanyika mpolo, mahali pa siri pa wanaume huko porini. Wanawake hawakufika, wala mvulana ambaye hajaingia jandoni. Kinyago kilitokea uwanjani kikiwa kimekamilika, kama mtu aliyerudi kutoka kwa wafu. Ulipaswa kushtuka kwanza, maswali baadaye. Kwa hiyo mchongaji alikuwa na mwenye shughuli aliyekuwa akimsubiri, ila hakuwa na mtu wa kumsimamia kichwani. Gunia la babu lilitoka huko. Lilikuwa mpolo mdogo aliouhamishia uani.

Mgeni mwenye fedha hakuchelewa kufika. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi na Newala akikusanya vitu vya watu wa kusini na kuvipeleka kwao. Upande wa pili wa mto, wamisionari walitaka misalaba na sanamu za Bikira Maria, na maofisa wa Kireno wakataka sanamu za vichwa. Hizo zilikuwa oda. Mteja alileta picha, mchongaji akafuata picha. Kazi zile zilikuwa safi, lakini Bikira Maria alikuwa keshachongwa na wengine kabla yetu.

Kilichowavusha watu wa babu hakikuwa sanaa, ilikuwa taabu. Wareno waliwalazimisha kulima pamba na kufanya kazi za shuruti, na huku kwetu mashamba ya mkonge yalihitaji mikono. Wakavuka kwa mitumbwi, wakaenda Mikindani, Kikwetu kule Lindi, wengine wakafika Tanga. Walifanya kazi kwa kipande, kadi ya siku 30, na siku haihesabiwi mpaka umemaliza kiasi ulichopangiwa. Jioni, vidole vikiwa vimechomwa na miiba ya mkonge, waliwasha koroboi wakachonga. Baada ya Wareno kuua watu Mueda, tarehe 16 Juni 1960, na vita dhidi yao vilivyoanza 1964, wengine wengi wakavuka. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, nayo iliwapanga wachongaji katika ushirika, na mauzo ya vinyago yakachangia gharama za ukombozi.

Sasa mti ukawa mpingo. Ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama, na ndani ya ganda lake jeupe kuna kiini cheusi ambacho mchwa hukionea haya. Mgeni aliupenda weusi ule. Sisi tulipenda ugumu wake, kwa sababu mpingo hukubali mkato mwembamba ambao ungeuvunja mti mwingine.

Waliofika Dar es Salaam walimkuta mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi, Mohamed Peera. Tangu miaka ya 1950 alinunua vinyago, kisha akawa na wachongaji wake, akiwapa magogo na mahali pa kufanyia kazi. Miongoni mwao alikuwa Samaki Likankoa, anayetajwa kuwa ndiye aliyeanzisha mtindo wa shetani kuelekea mwisho wa muongo ule: jicho moja, tumbo lenye tundu, mguu unaogeuka kuwa mkono. Niambie, ni mteja gani angeweza kuagiza kitu kama hicho? Angekielezaje? Shetani alitoka kwenye gogo, akapelekwa dukani akiwa amekamilika, na mwenye duka akaamua kama atanunua. Peera alinunua, akataka mwingine, lakini hakusema huyo mwingine aweje.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Roberto Yakobo Sangwani, anayehusishwa na mtindo wa dimoongo, yaani watu wanaopanda juu ya watu katika gogo moja, kila mmoja akimbeba mwenzake. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 wanunuzi walizoea kuuita ujamaa, jina likashika. Siasa ilikikuta kinyago kimeshasimama, ikakipa jina lake. Na mwaka 1989 kazi za John Fundi, mzaliwa wa Mueda, zilioneshwa Paris katika maonyesho ya Magiciens de la Terre, pamoja na za wasanii wa mabara yote. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyechonga bure. Wote walikuwa na nyumba za kulisha.

Peera sikumsifu kuwa malaika. Aliuza ghali kuliko alivyonunua, kama kila mwenye duka. Lakini kati yake na mchongaji kulikuwa na mpaka: gogo ni la mchongaji mpaka litakapokamilika.

Mpaka huo ulianza kufutika watalii walipoongezeka. Wachongaji walitolewa pembezoni mwa barabara, na katika miaka ya 1980 wengi wakakusanyika Mwenge, Dar es Salaam. Nimefanya kazi pale miaka saba. Pale nilijifunza kupanga bei, kuandika risiti na kufungasha kinyago kisivunjike kwenye ndege, mambo ambayo babu hakuyajua na yalimgharimu. Pale pia nilijifunza mgawanyo wa kazi: mmoja anapasua gogo, mwingine anatoa umbo kwa tezo, mwingine patasi, kijana anapiga msasa, wa mwisho anang'arisha. Na mti ukikosekana, mti mwepesi unapakwa kiwi nyeusi ya viatu, mtalii anaondoka nao akidhani amebeba mpingo. Mvua ya kwao ndiyo itakayomwambia ukweli.

Siku moja duka moja la mjini lilinipa picha ya twiga na oda ya twiga mia mbili, wote urefu mmoja. Nilifurahi, nikachukua vijana wanne. Tulipofika wa sitini, mwenye duka alipita, akatazama magogo yaliyobaki, akasema shingo zipunguzwe ili waenee kwenye boksi. Tukapunguza. Alipokuja tena alisema wale sitini wa kwanza ni warefu mno, hawalipii. Niliwakalia wale twiga chumbani mwaka mzima. Usiku ule nililikumbuka gunia.

Wapo waliotafuta njia nyingine. George Lilanga, Mmakonde mzaliwa wa Kikwetu, aliingia Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii Dar es Salaam, akiwa mlinzi, akatoka akiwa jina linalojulikana Ulaya na Marekani. Baadaye vijana wengi walimsaidia kazi zake, na jina likabaki lake. Jirani zetu wa Tunduru walimtoa Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupaka baiskeli. Mkewe, Agatha Mataka, aliziuza picha hizo Oysterbay huku mume akiendelea kuchora. Tingatinga naye alikuwa na gunia lake: mtu wa kusimama kati ya brashi na mnunuzi.

Nilirudi Mtawanya. Siku nne za juma nachonga oda, maana ada za shule hazilipwi kwa shetani: bakuli, rungu, fimbo, hata twiga. Oda ninaichonga hadharani, mteja akitaka aje abadilishe masikio. Bei ninaiandika, na malipo ya awali ninayachukua kabla patasi haijagusa mti, kwa kuwa mpingo una kibali na ushuru, na mti wenyewe huchukua zaidi ya nusu karne kukomaa. Gogo moja, lile lililopinda lisilofaa twiga, ninaliweka kando kwa siku tatu zilizobaki. Hilo halina mteja mpaka liishe. Mara nyingine limekaa miezi minane. Yaliyouzwa yamenilipa kuliko twiga wowote, na mawili hayajauzwa mpaka leo, yananitazama nikila.

Vijana wanaokuja kujifunza hupenda kuniuliza wachague sanaa au pesa. Nawajibu kwamba babu hakuwahi kuulizwa swali hilo. Aliuza vinyago vyake vyote, akanunua sukari na mabati. Wahenga walisema kinyago cha kuchonga mwenyewe hakikutishi. Mimi naongeza kwamba ulichochongewa na mdomo wa mteja kitakutisha, hasa siku asipokuja kukichukua.

Gunia la babu liliisha kwa panya. Mimi natumia turubai la bluu nililonunua soko kuu Mtwara. Ukifika Mtawanya, piga hodi, kigoda kipo na oda nachukua. Kilicho chini ya turubai usiniulize. Pita tena baada ya masika.